Mgumu au Imara?

Mwalimu wa dini anapowauliza wakatekumeni wake maana ya Kipaimara, jibu hutoka upesi: "Ni Sakramenti inayotupa nguvu." Jibu ni jema. Lakini mwalimu akiendelea kuuliza, "Nguvu gani?", kimya huingia darasani. Maana neno hilo moja limebebeshwa mizigo mingi. Sokoni Butembo mama anayenunua chumvi anasema bei ni nguvu, yaani ni ghali. Mwanafunzi atokaye katika mtihani anasema ulikuwa nguvu, yaani ulimshinda. Dereva wa lori anayepanda kutoka Beni wakati wa mvua anasema njia ni nguvu. Mzee anasema mwanawe ana kichwa nguvu, na hapo hamsifu hata kidogo. Kisha Jumapili watu hao hao wanapiga magoti na kumwomba Roho Mtakatifu awape nguvu. Je, wanaomba nini? Wawe ghali kama chumvi? Au wapewe kichwa cha yule kijana?

Kiswahili cha vitabu kinalo neno "-gumu", nalo pia limetembea sana. Ukuni mgumu hukawia kuwaka. Udongo mgumu hukataa jembe. Muhogo mgumu umekaa motoni tangu asubuhi na bado haujaiva. Swali gumu halijibiki. Mtu mgumu ni yule ambaye mkono wake haufunguki mbele ya maskini. Moyo mgumu hauingiwi na huruma, na shingo ngumu haigeuki inapoitwa. Anayetazama vizuri ataona kwamba maneno hayo yote yana jambo moja ndani yake: kukataa. Ukuni unakataa moto, udongo unakataa jembe, tajiri anakataa ombi. Kukataa kwenyewe si dhambi wala si wema. Mti ule ule unaomchosha mwanamke jikoni kwa kukataa kuwaka ndio fundi anaoutafuta kwa nguzo ya nyumba, kwa sababu unakataa pia kuoza na kuliwa na mchwa.

Lakini wale waliotunga neno Kipaimara hawakusema "Kipangumu". Walichukua neno "imara". Imara ni neno lililotoka kwa Waarabu, na mzizi wake katika lugha yao ni ule wa kujenga na kukaa mahali. Jambo hili linafaa kukumbukwa. Jiwe la mtoni ni gumu, lakini hakuna anayelisifu kuwa ni imara mpaka limewekwa katika msingi. Kitu imara ni kitu kinachobeba kitu kingine: daraja lenye watu juu yake, ngazi yenye mpandaji, nyumba yenye watoto waliolala.

Katika Kilatini Sakramenti hiyo inaitwa "Confirmatio", na ndani yake mna neno "firmus", thabiti. Neno hilo lilizaa watoto wengi, wakatawanyika katika nchi za Ulaya. Kwa Wafaransa "ferme" ni thabiti, na "fermer" ni kufunga mlango, maana zamani kufunga mlango kulikuwa kuukaza usisukumwe. Kwa Waingereza "firm" ni thabiti, na tena ni kampuni ya biashara, kwa kuwa kwanza neno hilo lilikuwa sahihi ya mfanyabiashara iliyothibitisha ahadi yake. Hata "ferme" ya watu wa Lubero, mahali pa kufugia ng'ombe, imetoka humo humo: ilikuwa kodi ya shamba iliyowekwa isibadilike. Basi uthabiti mmoja umefunga mlango, mwingine umeshika ahadi, mwingine umelisha watu. Hao ni ndugu, lakini hawafanani, kama wanavyokuwa ndugu.

Basi swali lenyewe ndilo hili. Farao aliambiwa mara nyingi awaache Waisraeli waende, akakataa. Mama yule wa watoto saba anayesimuliwa katika Kitabu cha pili cha Wamakabayo aliambiwa mwanawe wa mwisho akubali amri ya mfalme apate kuishi, naye akakataa. Kwa mtu aliyesimama mbali na kusikia sauti tu, wote wawili wanasema neno moja: Hapana. Mmoja anaitwa mwenye moyo mgumu, mwingine shahidi. Mtu aliye na "hapana" ndani ya kifua chake atajuaje ni ipi kati ya hizo mbili?

Wengine hujibu kwamba aliye imara hunena kwa upole, na mgumu hunena kwa ukali. Jibu hilo halitoshi. Manabii walipaza sauti, na wako wagumu wenye sauti laini kama siagi. Wengine husema yatazamwe matokeo. Lakini matokeo huja nyuma, na mtu huamua leo.

Kwa watu wa Beni na Butembo swali hili halikukaa darasani. Tarehe 1 mwezi wa nane 2018 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Ebola umeingia Mangina, katika eneo la Beni. Ulitambaa ukafika Beni mjini, ukapanda Butembo na Katwa, ukashuka Ituri. Ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 mwezi wa sita 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 kati yao walikufa. Ugonjwa huo hauruki hewani kama vumbi. Hupita kwa kugusa: kwa jasho, damu, matapishi ya mgonjwa, na zaidi ya yote kwa maiti, maana mwili wa aliyekufa kwa Ebola umejaa ugonjwa kuliko alipokuwa hai. Basi uliwafuata watu katika matendo yao mema kabisa. Ulimpata mama anayempangusa mtoto, muuguzi asiye na glavu, watoto wanaomwosha mzazi wao kwa mara ya mwisho.

Mfano huu unaweza kuwekwa mbele ya wakatekumeni, nao ni mfano wa mambo yaliyopita katika nyumba nyingi. Mwanamke mmoja kijijini amefiwa na mama yake. Mama huyo aliugua siku saba, akatapika damu, akafa usiku kabla gari halijaja. Asubuhi jamaa wamefika. Maji yamechemshwa, sabuni ipo, kitenge kipya kipo. Binti amesimama mlangoni anasema hakuna atakayeingia mpaka waje watu wa maziko wenye mavazi ya kujikinga. Mama yake mdogo anamtazama machozi yakimtoka. "Mwanangu, umekuwa mgumu namna gani? Huyu si yule aliyekubeba mgongoni? Tumzike kama mbwa?" Naye binti anajibu, "Mama mdogo, ni yeye. Ndiyo maana nasimama hapa."

Nyumba ya pili, mlima wa pili. Kijana amesimama mlangoni vivyo hivyo, panga mkononi, anawakataza waganga wasiingie. Baba yake yumo ndani, ana homa. Kijana anasema Ebola haipo, ni biashara ya wakubwa, na wanaopelekwa kule hawarudi. Naye anampenda baba yake. Asitokee mtu wa kusema kwamba hampendi. Milango miwili, watu wawili waliofunga njia, na upendo uko pande zote mbili.

Hapo yule anayesema "imara ni mwenye upendo, mgumu ni asiye nao" ananyamazishwa. Upendo peke yake haukutosha kuwatenganisha. Kilichowatenganisha ni kitu kingine. Binti alikuwa ameuliza. Alikwenda kwa muuguzi, akasikia namna ugonjwa unavyopita, akaona jirani aliyeosha maiti akifuata baada ya siku kumi. Akasimama juu ya jambo alilolijua, hata kama lilimchoma moyo. Kijana hakutaka kusikia. Mtu alipotaka kumweleza, aliinua panga. Hofu yake ilikuwa imekwisha kumwamulia, naye akaiita hofu hiyo ushujaa. Ndiyo alama ya kwanza: aliye imara amefunga mlango mmoja, bali masikio ameyaacha wazi. Mgumu huanza kwa kufunga masikio.

Lakini haifai kumhukumu kijana yule upesi. Watu wa Beni walikuwa wameuawa kwa mapanga na bunduki tangu mwezi wa kumi wa mwaka 2014, mwaka baada ya mwaka, na msaada ulichelewa au haukuja. Kisha ghafula, kwa ajili ya ugonjwa, yakaja magari mengi mazuri na wageni wengi na fedha nyingi. Watu wakauliza: walipokuwa wakichinjwa, magari hayo yalikuwa wapi? Tena, tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 2018, siku chache kabla ya uchaguzi, ilitangazwa kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na wenzao, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yalikuwa wazi. Tarehe 30 watu wa Beni walipanga mistari wenyewe, wakanawa mikono, wakapiga kura yao isiyohesabiwa na mtu. Anayetaka kujua ugumu wa moyo hutoka wapi, aangalie hapo. Mara nyingi si uovu uliouzaa. Ngozi ya mkono huwa ngumu mahali iliposuguliwa na mpini.

Tena ugumu haukuwa upande mmoja. Wapo waliokuja kusaidia na wakadhani elimu yao inatosha, wakaja na askari, wakamchukua mgonjwa bila kueleza, wakamzika mtu bila ndugu zake kumwona. Walikuwa na haki juu ya ugonjwa, lakini walisahau watu. Baadaye mambo yaligeuka. Walianza kuwaita wazee, wachungaji na mapadri, waliopona wakawasimulia wenzao, jamaa wakaruhusiwa kusimama karibu na kaburi. Beni vikaletwa vyumba vya kutibia vyenye kuta za plastiki ing'aayo kama kioo, ili mtoto amwone mama yake amelala na mama amwone mtoto wake amesimama nje. Sheria ya kutogusa haikulegezwa hata kidogo. Imara ilibaki pale pale. Ugumu ndio uliopunguzwa. Zaidi ya watu 300,000 walipata chanjo wakati ule, na mwaka 2019, kwa kazi iliyofanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, zilipatikana dawa mbili zilizookoa wagonjwa wengi kuliko zilizotangulia.

Kazi hiyo ililipwa kwa damu. Mwezi wa pili 2019 nyumba za kutibia wagonjwa zilishambuliwa na kuchomwa, Katwa kwanza na Butembo baada ya siku chache. Tarehe 19 mwezi wa nne, siku ya Ijumaa Kuu, mganga Richard Mouzoko kutoka Kameruni aliuawa kwa risasi Butembo, katika hospitali ambamo alikuwa na wenzake kwa kazi ya Ebola. Hakuwa mwenyeji wa nchi ile. Alikuja kwa ajili ya ndugu za wengine.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa aliyekufa mwaka 1274, alilifikiri jambo hili kwa utaratibu wake. Anafundisha kwamba udumifu, yaani kukaa katika jema mpaka mwisho, una maadui wawili, si mmoja. Wa kwanza ni ulegevu: mtu huliacha jema kwa sababu linamchosha au linamnyima raha. Wa pili ni ukaidi: mtu hukaa katika neno lake kupita inavyofaa, kwa sababu ni neno lake. Wakatekumeni wengi humjua adui wa kwanza tu. Huonywa wasilegee, na wanapojikaza hudhani wamefika. Kumbe wamelikimbia shimo la kushoto na kuingia la kulia. Mkaidi hafanani na mlegevu machoni pa watu, bali huyo mwalimu anawaweka pamoja: wote wawili wameikosa njia ile ile. Tena anasema kwamba katika ushujaa tendo lililo kubwa si kushambulia, ni kuvumilia. Kushambulia huhitaji dakika moja ya hasira. Kuvumilia huhitaji mtu mzima.

Haya yanaonekana hata katika ofisi. Kila mtu aliyevuka mpaka na mzigo amekutana na karani anayesema, "Haipiti." Karani mmoja husema hivyo mpaka aone noti chini ya karatasi, na watu humwita mgumu. Mwingine alikuwa Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, aliyefanya kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Aliletewa fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite, akakataa. Akasukumwa, akakataa tena. Mwezi wa saba 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 mwezi wa sita 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri huko Roma. Wote wawili, yeye na yule karani wa noti, walisema "Haipiti". Lakini nyuma ya neno la mmoja mlikuwa na mfuko wake, na nyuma ya neno la Floribert walikuwa watu wasiomjua, ambao wangekula chakula kile wakaugua. Ndiyo alama ya pili, nayo inarudi katika lile neno la kujenga: aulizwe mtu anayekataa, "Nani amelala chini ya dari hii unayoishika?" Ikiwa jibu ni "Mimi tu," ni ugumu, hata ukipakwa maneno matakatifu.

Watu wa Butembo wanalo jina jingine ambalo halihitaji kuelezwa kwao. Emmanuel Kataliko alizaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Lubero. Alipewa uaskofu wa Beni mwaka 1966, na mwaka uliofuata jimbo likaitwa Butembo-Beni. Alilichunga mpaka 1997, alipotumwa Bukavu kuwa Askofu Mkuu. Kiti kile kilikuwa na damu: Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa Bukavu tarehe 29 mwezi wa kumi 1996. Kataliko alikwenda. Kwa Noeli ya mwaka 1999, vita vikiendelea, aliandika barua kwa Wakristo wake, akataja bila kuficha uonevu wa wageni wenye silaha na wa wenyeji waliokula pamoja nao. Lakini katika barua ile ile aliwaambia watu wake wasishike njia ya silaha. Uhuru utafutwe kwa mateso na sala zao, si kwa kumwaga damu. Mtu mgumu angeandika nusu ya kwanza tu.

Wakubwa waliotawala Bukavu wakati ule walikasirika. Mwezi wa pili 2000 walimzuia asirudi kwenye kiti chake, wakampeleka Butembo. Huenda walidhani wamepata adhabu ya werevu: wamemrudisha kwao. Na hapo pana jambo la kufikiriwa, ambalo husahauliwa kwa sababu halina kelele. Butembo hakuwa kifungoni penye giza. Alikuwa kati ya watu waliompenda, milima aliyoijua, lugha ya mama yake. Kama uimara ni kukaza meno tu mbele ya maumivu, hapo hapakuwa na la kukazia. Jaribu lake lilikuwa tamu: akae kwao, apumzike, wengine wabebe Bukavu. Miezi saba ilipita. Mwezi wa tisa alirudi Bukavu, akapokelewa kwa furaha kubwa. Tarehe 4 mwezi wa kumi, mwaka ule ule 2000, moyo wake ulisimama akiwa Roma. Ulegevu haumjii mtu kwa sura mbaya siku zote. Wakati mwingine humjia kwa sura ya nyumbani.

Mkatekumeni aliyesikia haya anaweza kuogopa na kusema, "Basi mimi si imara, maana nimekwisha kuanguka mara nyingi." Amkumbuke Petro. Bwana alimwita Mwamba, na mwamba huo ulipasuka mbele ya mjakazi, karibu na moto. Kabla ya kuanguka kwake Bwana alikuwa amekwisha kumwambia kwamba atakapogeuka atakuwa na kazi ya kuwaimarisha ndugu zake. Kazi hiyo hakupewa mtume ambaye hakulia usiku ule. Alipewa yule aliyetoka nje akalia. Inaelekea kwamba mtu asiyejua kuvunjika kwake huwaimarisha wengine vibaya: huwapiga kwa nyundo, akidhani wote ni chuma kama yeye anavyojidhania.

Na chombo cha Sakramenti yenyewe ni nini? Kama Kanisa lilitaka kuonyesha ugumu, lingeweza kumwekea mtu jiwe mkononi, au kumgusa kwa chuma. Zamani, mpaka ibada ilipotengenezwa upya mwaka 1971, askofu alimpiga mpakwa kofi dogo shavuni, ili akumbuke kuwa tayari kuteswa kwa ajili ya Kristo. Wazee wanalikumbuka kofi lile. Watoto walilingojea kwa hofu kuliko mengine yote. Kofi limeondolewa, krisma imebaki. Na krisma ni mafuta. Watu wa upande wa Beni, penye michikichi, wanajua vizuri kazi ya mafuta. Ngozi ya ng'ombe ikiachwa juani bila mafuta inakuwa ngumu kama ubao, na siku ikikunjwa inapasuka. Ikipakwa mafuta inalainika, nayo inadumu miaka mingi. Fundi ataifanyia mshipi, mtoto ataurithi. Basi Mungu anapotaka kumfanya mtu imara, anaanza kwa kumlainisha. Wengi hufikiri kwamba watatoka katika Kipaimara na uso wa shaba. Wangefurahi kama wangetoka na ngozi isiyopasuka.

Kuna jambo la mwisho kuhusu binti yule aliyesimama mlangoni, kwa sababu wakatekumeni huuliza daima, "Ikawaje?" Watu wa maziko walifika saa nane. Walimvika mama yake mfuko, wakampuliza dawa, wakamteremsha kaburini, na jamaa wakasimama mbali wakiimba. Binti alihesabiwa siku ishirini na moja, akipimwa joto asubuhi na jioni, maana yeye mwenyewe alimgusa mama yake alipokuwa mgonjwa. Hakuugua. Hakuna aliyeugua katika ukoo ule. Lakini mama yake mdogo hakumsamehe. Alisema mbele ya watu kwamba dada yake alizikwa bila maji, na kwamba binti yake ndiye aliyemnyima.

Ni usiku, baada ya siku zile, ndipo binti alipopata jaribu lake. Mlangoni siku ile alikuwa amejua la kufanya. Sasa hakujua. Alikuwa na haki, na watu wote wa afya walimwambia hivyo. Angeweza kuikalia haki yake kama mtu anayekalia mfuko wa maharage wakati wa njaa. Tena alijiuliza kama siku ile, katikati ya maneno, hakuwa na ugumu kidogo uliochanganyika na imara. Kama hakuweza kusema vilevile kwa sauti nyingine. Hakupata jibu.

Asubuhi alipima unga wa muhogo, akaweka na majani ya sombe juu yake, akamtuma mtoto wake mkubwa kwa bibi yake mdogo. Mtoto alirudi na kapu limejaa kama lilivyokwenda. Wiki ya pili akapeleka tena, likarudi. Wiki ya tatu mtoto alisema, "Mama, hataki. Kwa nini unanituma?" Mama yake alikuwa akichagua maharage, hakuinua macho. Akamwambia asubiri kidogo, kapu halijajaa.